Kiwanja cha kilimani Mbeya kwa nusu bei: angalia haya kabla ya kutoa hela

Mkuu, umeuliza kama ununue hicho kiwanja cha mita 20 kwa 25 kilimani hapa Mbeya, kwa kuwa muuzaji anakipiga nusu ya bei ya tambarare. Mimi naishi kilimani upande wa mlima Loleza, nimejenga kidogo kidogo kwa hela ya kudunduliza, na sina mpango wa kuhama. Kwa hiyo siji kukutisha. Ila hiyo nusu unayodhani umeiokoa utailipa tu: utailipa kwa mawe, saruji na vibarua. Swali ni kama utailipa ukabaki na nyumba, au itakumalizia kwenye msingi.

Upime mteremko kwanza, na usiupime kwa macho. Macho ya mtu mwenye hamu ya kununua hayaaminiki. Chukua kamba ya mita 10, ncha moja ishikwe ardhini upande wa juu, nyingine ivutwe kuelekea bondeni, iwekwe sawa kwa pima maji. Kisha pima kutoka kwenye hiyo ncha ya chini hadi ardhini. Ukikuta mita 1, hapo unajenga bila presha. Ukikuta mita 2, jua kwamba nyumba yenye mita 10 kuelekea bondeni itameza msingi wa mita 2 na ushee upande wa chini kabla hujainua ukuta hata wa chumba kimoja. Ikifika mita 4, mimi nachukua kofia yangu naondoka.

Fundi atakwambia usijali, tutachonga juu tujaze chini. Hapo ndipo nyumba nyingi za milimani zinapoharibikia. Nusu ya nyumba inakaa kwenye udongo mgumu wa asili, nusu nyingine kwenye kifusi, na kifusi hata ukikishindilia kinaweza kuendelea kushuka. Nyumba ya jirani yangu ilianza na ufa kwenye kona ya dirisha, mwembamba kama uzi. Ukapanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali mpaka kwenye lenta. Mvua za mwaka uliofuata kidole kiliingia. Wakapiga plasta, wakapaka na rangi, ufa ukarudi palepale. Dawa yake ni msingi wa ngazi: mtaro wa msingi uchimbwe mpaka ufike udongo ambao haujawahi kuguswa, kila ngazi ikae sawa, hata kama upande wa chini itabidi ushuke sana. Kifusi kitumie kwenye bustani.

Sasa maji, maana kilimani adui si mwinuko, ni maji. Huku kwetu mvua zinaanza Novemba zinakwenda mpaka Aprili, wakati mwingine Mei. Piga hesabu ndogo: bati zinazofunika mita za mraba 100 zikipata mvua ya milimita 50 kwa siku moja, umeshapata lita 5,000. Hiyo ni ya paa lako peke yako. Weka na ya jirani wa juu, na wa juu yake, na njia ya watembea kwa miguu ambayo Januari inageuka mfereji. Yote hayo yanatafuta pa kupita, na kama kiwanja chako ndicho kilicholegea, yatapita kwako. Kwa hiyo weka gata na tenki mapema, hata kabla ya dari. Chimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa nyumba, uyatoe pembeni hadi kwenye korongo au mtaro wa barabara. Usiyaelekeze kwenye kibaraza cha aliye chini yako, utaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa kila msimu, na atakuwa na haki.

Ukuta wa kuzuia udongo nao una mambo yake. Ule wa mawe unaosimama kwa uzito wake, kitako kisipungue nusu ya kimo chake, na ulale kidogo kuelekea mlimani. Nyuma yake jaza kokoto, sio udongo, na upitishe vibomba vya plastiki vya inchi mbili katikati ya mawe ili maji yatoke. Wengi wanajenga ukuta mzuri wa kupigia picha, hauna tundu hata moja. Maji yanajaa nyuma, udongo unakuwa mzito, ukuta unatunga tumbo, Machi unalala chini. Ukizidi mita 2 tafuta injinia. Fundi wa mtaani mwache ajenge, lakini asiuchore.

Karo la maji machafu na shimo lake visiwe juu ya ukuta huo. Ukilowanisha mteremko kutokea ndani mwaka mzima, hata kiangazi unauchokoza.

Na usidhani maporomoko ni ya kusikia redioni tu. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka mlima Kawetele, kata ya Itezi, hapahapa jijini, likafukia nyumba za watu. Desemba 2023 kule Katesh, tope la mlima Hanang' liliua watu zaidi ya 80. Kwa hiyo ukienda kukagua, inua macho uangalie juu ya kiwanja. Kama miti imepinda shinani halafu ikanyooka, udongo huo unatembea polepole. Nguzo zilizoinamia bonde, nyufa ndefu za ardhini zinazokata mteremko, chemchemi iliyotokea mahali ambapo wenyeji wanasema haikuwepo: ukiona hayo, bei iwe hata ya bure, acha. Kilima kilichovuliwa miti yote na kulimwa mahindi kwa matuta yanayoshuka na mteremko nacho sikipendi.

Upande wa sheria: Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 7, inazungumzia ardhi hatarishi, ndani yake ikiwemo miteremko mikali na eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto. Barua ya mtaa na mashahidi wawili havitakusaidia ukikutwa huko. Nenda ofisi ya mipango miji na namba ya kiwanja au alama za GPS, waombe mchoro wa eneo, uone kimepangiwa matumizi gani na barabara inapita wapi.

Barabara ndiyo itakayokula hela zako kimyakimya. Lori la mchanga likiishia bondeni, kila tofali litapanda kwa kichwa cha mtu, na tofali za kuchoma zinavunjika njiani. Omba bei mbili kwa kila kitu: ya kushusha chini na ya kufikisha saiti. Maji ya bomba waulize akina mama wa jirani, sio muuzaji. Wao wanajua yanapanda siku gani na saa ngapi za usiku.

Faida zipo. Juni na Julai baridi nzito inatuama bondeni usiku, sisi wa mteremkoni tunaikwepa kidogo. Ila miteremko ya Loleza inayotazama mjini imeelekea kusini, na jua la miezi hiyo linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo usitegemee nguo za watoto zikauke haraka.

Kwa hicho chako, kama kamba itasoma chini ya mita 2 na mchoro uko safi, mpe muuzaji kianzio kidogo kwa maandishi, umwambie utamalizia mvua zikiwa zimekolea na ukishakiona kikiwa kimelowa. Akikataa kusubiri Februari ifike, muulize majirani wanapitisha wapi maji, halafu mtazame usoni anavyojibu. Weka na picha hapa, iliyopigwa kutokea chini, ionekane na nyumba ya juu yako.