Zuhura, kuhusu zile elfu 25 za Salim

Assalaam aleikum mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unauliza kama umlipie mdogo wako yule mshauri wa Nairobi, anayetaka Sh25,000 amsaidie kuchagua kozi na chuo. Unasema Marekani wazazi hulipia huduma hiyo, ingawa chama chao cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Hapo nilicheka kidogo. Shuleni kwa Salim mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyo huyo wa Kemia, na jioni ndiye msimamizi wa bweni. Simlaumu. Angemkalisha Salim saa ngapi?

Jibu langu ni usilipe, angalau si huyo. Ila sababu yangu inaanzia kwako wewe.

Unakumbuka 2019, tulipokwenda saiba karibu na steji na B yako ya mtihani wa KCSE, kuchagua kozi za chuo? Foleni ilitoka mpaka nje. Kijana wa kompyuta hakukutazama hata mara moja. Alinitazama mimi, mwenye pesa, akauliza, "Mzee, anataka nini?" Nikajibu mimi: "Uchumi, mambo ya benki." Nafasi zilizobaki akazijaza mwenyewe, na mpaka leo nashuku alinakili za msichana aliyetutangulia. Wewe ulikuwa nyuma yangu, umeshika mkoba wa mama yako, kimya.

Nyumbani ulikuwa na magunia manane uliyopandia sukuma wiki yameegemea ukuta, umeyatoboa kwa kisu na kuyapanga kwa umri, kila gunia na tarehe yake kwa makapeni. Na Njoro ipo hapo tu, safari fupi ya matatu, Chuo cha Egerton kikifundisha kilimo tangu 1939. Macho yangu yalikuwa yanaona yote mawili na sikuyaunganisha. Ulisoma uchumi mwaka mzima ukinipigia simu usiku, mpaka ukaomba uhamisho kwenda Njoro, wewe mwenyewe, bila msaada wangu. Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo. Naomba sasa.

Basi huyo mshauri nilimpigia. Tulizungumza kama dakika kumi. Hakuuliza Salim anapenda nini, wala jina lake, aliuliza gredi. Nikasema C+. Akasema, "Hiyo usijali mzee, tutampatia nafasi nzuri."

Nafasi hazigawiwi na mtu, Zuhura. KUCCPS, shirika la serikali la kuwapangia wanafunzi vyuo, hupanga watoto kwa chaguo zao na pointi za klasta, yaani alama za masomo ya kozi husika. Kila kozi ina masomo yake manne inayoyatazama, yanapimwa pamoja na matokeo ya jumla, na juu kabisa ni 48. Ndiyo maana watoto wawili wenye B ile ile, mmoja anaitwa na mwenzake anaachwa kwenye kozi moja. Zile pointi za mwisho za mwaka jana, ambazo bwana huyu anazitaja kama siri ya ukoo, ziko wazi kwenye tovuti yao. Tena si mpaka uliowekwa na mtu. Ni pointi za mtoto wa mwisho aliyeingia, basi. Wakija wengi wenye alama kubwa zinapanda, wakipungua zinashuka. Kumwahidi mtu nafasi kwa hesabu hiyo ni kama nimshonee mtoto sare kwa kipimo cha kaka yake.

Salim sasa. C+ ndicho kizingiti cha digrii, naye amesimama juu yake hasa, ingawa Fizikia ana B. Wiki jana mota ya cherehani yangu ilianza kutoa cheche. Nilitaka kuipeleka kwa fundi, yeye akaifungua juu ya meza ya kukatia, skrubu kazipanga kwenye kifuniko cha Kimbo kwa mpangilio aliozitoa. Akanionyesha kaboni mbili zilizolika, moja imebaki kama punje ya mchele. Akatoka, akarudi na mpya, akazisugua na msasa zikae vizuri. Sikusema neno. Alipomaliza ndipo nikamuuliza anataka nini, na safari hii nikanyamaza nimsikie.

Anataka umeme. Hakuanza na chuo, alianza na pesa: "Baba, nikiitwa mbali, nauli na nyumba vitatoka wapi?" Hilo mshauri wako hakuligusia kabisa, na tangu utaratibu wa ufadhili ubadilike 2023 ndilo kubwa kuliko yote. Kuitwa ni jambo moja, pesa ni jingine. Mtoto anaomba ufadhili na mkopo kivyake, na huko anaulizwa hali ya nyumbani. Lazima nikae naye nimwambie ukweli wa duka hili, hata miezi ambayo sikupata kodi.

Kuhusu digrii ya uhandisi, nimemwambia asibonyeze chochote kabla ya kuangalia kama Bodi ya Wahandisi inaitambua kozi hiyo. Wapo waliovaa joho wakanyimwa usajili. Pia tumezungumza juu ya diploma. Hiyo huhitaji C- tu, kwa hiyo kwa alama zake anaingia kifua mbele, tena mikono yake itashika nyaya mapema. Mama yako hapendi nikilitaja neno hilo. Anataka joho. Tutamsemesha taratibu.

Kama ni mtu wa kumshauri, kuna mwalimu mstaafu wa Fizikia hapa Bondeni, ninayemshonea kanzu. Amekubali kukaa na Salim alasiri mbili, bila mimi chumbani. Hakutaka malipo; nitampunguzia bei ya kanzu.

Wewe njoo Jumamosi na kompyuta yako, maana saiba sirudi. Salim ndiye atakayeshika kipanya, sisi tutakaa nyuma. Zile elfu 25 ziweke, akiitwa atahitaji godoro na kodi ya mwezi wa kwanza.

Na kile kitambaa chako cha gauni kije pia. Mashine inakwenda.

Baba yako