Mzee akianza kuburuta miguu, usiseme ni uzee

Usisubiri mzee asahau majina ya wajukuu ndipo umpeleke hospitali. Mama yangu majina yote alikuwa nayo, na wadaiwa wa kikoba cha mtaa aliwataja mmoja mmoja. Kilichobadilika ni mwendo. Hatua zilifupika, nyayo haziinuki, na akifika kwenye kizingiti cha jikoni anasimama kabisa, miguu kama imegandishwa kwa gundi, mkono unapapasa mwimo wa mlango. Kisha akawa mzito wa kujibu: unamuuliza jambo, unadhani hakusikia, kumbe jibu liko njiani. Mkojo nao ukimbana, hawahi msalani. Majirani wakasema uzee. Shangazi akasema kuna mkono wa mtu.

Picha ya ubongo ya MRI ilionyesha mabaka meupe mengi ndani ya ubongo na makovu ya viharusi vidogo ambavyo hakuna aliyeviona vikitokea, mengine kwenye shina la ubongo, sehemu inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo. Huu ni ugonjwa wa mishipa midogo ya damu ya ubongo: mishipa hiyo inayozama ndani kabisa ikipigwa na presha miaka nenda rudi, kuta zake hunenepa na kukakamaa, njia ya damu inabana, na nyuzi za mawasiliano zinazoitegemea hufa taratibu. Kovu moja huwa halizidi milimita 15. Mtu anaweza kuishi nalo asijue. Yakizidi, mwendo, wepesi wa kufikiri, hata hamu ya mambo vinapungua. Mama alipoacha maandazi yake ya asubuhi watu walimwita mvivu. Ule haukuwa uvivu.

Kwa hiyo ukifika kwa daktari, usitaje kusahau peke yake. Taja kuanguka, mkojo na kupaliwa. Picha ya CT huweza kuyakosa mabaka haya, MRI huyaona vizuri zaidi, ila bei yake tunaijua. Kama pesa haijapatikana, anzeni na presha, maana hata picha ikishapatikana tiba kubwa ni hiyo hiyo ya kushusha presha, pamoja na kudhibiti sukari, kuacha sigara na kupunguza chumvi.

Kilichokufa hakirudi, kinachopiganiwa ni kilichobaki. Utafiti wa Marekani uitwao SPRINT MIND, uliotoka 2019, uliona kwamba kulenga namba ya juu ya presha iwe chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza waliopata udhaifu mdogo wa kumbukumbu na fikra. Lakini usiichukue namba hiyo ukamwongezea mzee vidonge nyumbani. Omba apimwe akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika chache. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, daktari ajue, kwa sababu presha ya namna hiyo ndiyo inayowaangusha alfajiri. Ya mama ilishuka, dawa zikapangwa upya. Aspirini ya kushauriwa na jirani pia muiache: mishipa hiyo hiyo inayoziba huweza kuvuja damu.

Shina la ubongo ndilo linaloendesha kumeza, na hapa nawasihi muwe macho. Mzee anayekohoa kila akinywa maji, au sauti inakuwa ya majimaji baada ya chai, akae wima, anywe funda dogo, asiongeleshwe. Maji mepesi humpalia kuliko uji mzito. Akipata homa na kikohozi, msikae nacho nyumbani. Huenda chakula kimeingia mapafuni.

Na kama anaanguka chali mara kwa mara na macho yanagoma kutazama chini, muulize daktari kuhusu PSP (progressive supranuclear palsy), ugonjwa ulioelezwa na Steele, Richardson na Olszewski mwaka 1964. Huo ni uchakavu wa seli zenyewe za shina la ubongo, na dawa ya presha haiutibu.

Nyumbani tuliondoa mikeka ya njiani, kandambili tukabadilisha na viatu vyenye mkanda wa nyuma, taa ya msalani haizimwi. Kwenye kizingiti tulibandika utepe mwekundu sakafuni. Akiganda hapo, usimvute mkono. Mwambie, “Mama, vuka mstari,” na umsubiri.