Mofini pekee haimtoshi aliyepasuliwa

SWALI: Natoa dawa za usingizi. Wagonjwa wa ngiri na wa tumbo huamka wakilia kwa maumivu. Nikiwaongezea mofini, ile dawa kali ya maumivu, wanatapika na kusinzia mno. Nasikia wenzangu wanachanganya dawa. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia parasetamoli, hata kama wengi wanaidharau. Mtu mzima wa kilo 50 na kuendelea mpe gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Juu yake weka ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8, ila si kwa mwenye ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo au aliyepoteza damu nyingi. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 8 ya mshipa hupunguza maumivu na kutapika pia. Mchome akishalala kwa dawa ya usingizi, maana akiwa macho humwasha vikali sehemu za siri. Na mwenye kisukari apimwe sukari baadaye.

Kinachobeba mzigo mkubwa ni sindano ya ganzi. Bupivakaini, dawa ya ganzi, isizidi miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 mwisho wake ni miligramu 120, yaani mililita 48 za dawa ya asilimia 0.25. Hatari huja pale daktari mpasuaji naye anapochoma ganzi yake kwenye kidonda bila kukuambia. Kiwango ni kimoja kwenu nyote wawili, kwa hiyo ulizaneni kabla. Vuta bomba la sindano uone kama kuna damu, kisha ingiza mililita 5 kwa 5. Akilalamika midomo inakufa ganzi au masikio yanavuma, acha hapo hapo. Dripu ya mafuta ya asilimia 20, ya kumwokoa ganzi ikimdhuru, iwe karibu. Dozi ya kwanza ni mililita 1.5 kwa kilo.

Mpango mzuri huharibikia wodini. Ukiandika “apewe akihitaji”, mara nyingi hapewi. Andika saa kamili, na dozi ya vidonge imfikie kabla ganzi haijaisha, kwani ikiisha saa nane usiku tumbo likiwa tupu la dawa, mtaanza upya.

SWALI: Basi mofini niiache?

JIBU: La, iwe akiba. Miligramu 1 hadi 2 za mshipa kila dakika 5, ukihesabu pumzi. Zikishuka chini ya 10 kwa dakika, au ukimwita haamki vizuri, usiongeze. Gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, kwa kila mgonjwa hatuishauri, hasa wazee: ikikutana na mofini huzidisha usingizi na kudhoofisha pumzi.