Mteja yuko Bukoba, kochi liko Mwanza: jinsi ninavyotumia AR kuuza fanicha, na sehemu ambazo usiitegemee

Sisi tunaotengeneza na kuuza fanicha Mwanza, wateja wetu wengi sahivi hawako Mwanza. Yupo wa Geita, yupo wa Nansio, wa Musoma, wa Bukoba, ameona kochi kwenye status anauliza bei, ukishamtajia tu anakuja na swali ambalo picha haiwezi kulijibu: "Sasa hilo kwangu litakaa kweli?" Jibu la mazoea ni "litakaa tu mama, usijali", na hiyo usijali imeshaleta ugomvi mwingi mjini hapa, maana kochi likishapakiwa MV Victoria likafika Bukoba halafu likagoma, nauli ya kulirudisha analipa nani?

Hapo ndo AR (augmented reality) inapoingia. Kwa asiyeijua, mteja anafungua linki uliyomtumia, anaelekeza kamera ya simu sakafuni kwake, kochi linatokea palepale kwenye skrini kwa ukubwa wake halisi. Analizunguka, anachuchumaa, anaangalia kama litaziba dirisha au litamkosesha njia ya kwenda jikoni. Siyo kitu kipya, IKEA wa Uswidi walitoa app yao ya kupanga fanicha hivi mwaka 2017, mwaka huohuo Apple walitoa ARKit yao, programu inayoiwezesha iPhone kufanya AR, na ARCore ya Google, ya simu za Android, ikafuata 2018. Ila siku hizi huhitaji kutengeneza app. Kuna kifaa cha bure cha Google kinaitwa model-viewer, unaweka faili lako la 3D kwenye ukurasa wa wavuti basi, mteja anabonyeza tu.

Mafaili yanatakiwa mawili, GLB kwa Android na USDZ kwa iPhone. Kama una kijana anayejua Blender, programu ya kutengeneza 3D, mpe kazi, yenyewe ni bure. Unaweza pia kuskani kwa simu ukitumia app kama Polycam, kochi la kitambaa linatoka vizuri tu, ila meza ya kioo au kabati lenye kioo usijisumbue, linatoka limeyeyuka. Na angalia sana vipimo jamani. Mafundi wetu wanapima kwa futi na inchi, faili la GLB linasoma mita, kwahiyo kitanda cha sita kwa sita ni mita 1.83 kwa 1.83, kijana akikadiria akaweka 2 kwa 2 umeshamdanganya mteja bila kujua, na atakulaumu wewe siyo kijana. Faili lenyewe lisiwe zito, yaani MB chache tu, mtu hawezi kumaliza bando lake kwa ajili ya stuli.

Kabla hujamtumia mtu linki muulize anatumia simu gani. iPhone kuanzia 6s kwenda juu zinakubali. Android inategemea, kuna nyingi za bei ya chini hazimo kwenye orodha ya ARCore, na simu ikiwa haimo haimo, hakuna cha kudaunilodi kitakachosaidia. Usimfanye mteja ajione ana simu mbovu. Mimi nauliza kama kuna kijana hapo nyumbani au jirani mwenye simu nyingine, na kama hakuna tunarudi kwenye tepu na magazeti, anatandika magazeti chini kwa vipimo ninavyomtajia anaona eneo litakalolaliwa na kochi. Inafanya kazi vizuri tu aisee, wala usiidharau.

Sasa kwenye simu yenyewe. Wengi wanajaribu kufanya vidio koli na AR kwa pamoja wanashangaa inagoma, kamera ni moja na kazi ni mbili. Njia inayokubali ni mteja ashee skrini, WhatsApp waliweka hiyo kitu mwaka 2023, hapo unaona anachokiona na unaweza kumuongoza. Lakini mwambie mapema kabisa kwamba utaona ndani kwake. Ni nyumba ya mtu ile, kuna nguo zimeanikwa, kuna watoto, kuna baba mwenye nyumba ambaye hana taarifa yoyote. Mimi namwambia, "Shikamoo mama, ukibonyeza hapo nitakuwa naona sebule yako, kama hujajiandaa tutafanya baadaye." Wengi wanacheka wanasema subiri kidogo mwanangu nipange pange. Na ile picha ya kochi likiwa sebuleni kwake usiirushe status bila ruhusa hata kama imependeza vipi.

Afanye mchana, mapazia yafunguliwe. Kamera inatafuta alama za kushika pale chini, sakafu ya tailizi nyeupe inayong'aa inaichanganya, kochi linaelea au linateleza kama liko ziwani. Dawa yake ni khanga, atandike khanga yenye maua chini, aizungushe simu taratibu, kochi linatulia.

Halafu kuna hili ambalo naona wauzaji wenzangu wanalipita haraka, na ndo lenye hela. AR inaliweka kochi sebuleni moja kwa moja, haijalipitisha mlangoni! Mteja anaona limekaa vizuri, anafurahi, analipia, siku ya siku vijana wamelibeba begani wanakutana na korido yenye kona. Na hata hapahapa Mwanza usijidanganye, nyumba za Igogo, Mabatini, Isamilo kule juu kwenye mawe, ngazi nyembamba, mwamba kushoto ukuta kulia, simu haijui hayo. Kwahiyo akishalipenda kochi kwenye skrini simkatii simu, namwambia sasa tembea na mimi kuanzia getini. Apime upana wa mlango ndani ya fremu, siyo fremu kwa nje. Anionyeshe kona ya korido, ngazi kama zipo, na grili, maana grili nyingi zinafunguka nusu.

Kochi huwa linaingia kwa kulazwa ubavu, kwahiyo linganisha uwazi wa mlango na kile kilicho kidogo kati ya kina cha kochi na kimo chake. Kina kikiwa sentimita 95, kimo 85 na uwazi wa mlango 80, hapo lazima uongee na fundi kabla mbao haijakatwa: miguu iwe ya kufungua, au mgongo ufungwe kwa bolti, sofa la L liwe vipande viwili. Hiyo ni gharama ndogo likiwa bado karakana. Likishafika Geita ni balaa, hata kama sahivi lori linapita daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko.

Ndo maana nasema AR ichukulie kama tepu yenye picha. Inajibu ukubwa na mpangilio, basi. Haimwambii mteja kama sponji ni ngumu, haimwambii kama mbao ni mninga kweli au ni mbao laini imepakwa rangi ya mninga. Na haimwambii kama wewe siyo tapeli, maana tapeli naye anaweza kuwa na 3D kali kuliko yako. Watu wa mikoani wameshaibiwa sana mtandaoni, kwahiyo mtu akisita kutuma kianzio usinune. Mtumie vidio ya karakana inayoonyesha fremu ya kochi lake kabla halijavikwa kitambaa, mwambie kama ana ndugu mjini amtume aje akae juu yake. Ndugu akija akakaa mauzo yamekamilika, hiyo ni bora kuliko AR zote.

Rangi nayo usiiongelee kwa simu kabisa. Kijivu cha kwenye skrini yako kwake kinaonekana bluu, na mwanga wa taa yake unabadilisha tena. Nakata vipande vya kitambaa upana wa kiganja, naandika namba nyuma kwa kalamu, naweka kwenye bahasha nakabidhi konda wa basi au mtu wa meli. Akishavipokea aviweke juu ya kochi lake la zamani asubuhi, aviangalie tena usiku taa ikiwa imewashwa, halafu anitumie namba. Namba ndo naandika kwenye risiti, siandiki "kijivu".