Barua ya benki imefika, nyumba iko rehani

Ndugu yangu wa Mukono, umeeleza kwamba umekosa marejesho ya miezi mitatu na benki imekuandikia. Tazama kwanza tarehe uliyopokea barua hiyo, kwa kuwa Sheria ya Rehani ya Uganda ya mwaka 2009 inakupa siku 45 za kazi kulipa malimbikizo, na zikipita, benki haina budi kukupa notisi nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Katika muda huo omba kwa maandishi marejesho yapangwe upya. Kurefusha mkopo hupunguza mzigo wa kila mwezi, ingawa jumla ya riba huongezeka. Mahakama inaweza kusimamisha mnada, lakini huweza kukutaka uweke kwanza asilimia 30 ya deni, na aliyekwama atazipata wapi? Kwa maoni yangu, kama kipato hakitarudi karibuni, tafuta mnunuzi mwenyewe kwa idhini ya benki, maana bei ya mnada huumiza. Kagua pia fomu za mkopo: nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, hivyo sahihi ya mkeo isipokuwamo, mwone wakili mapema.