Windows 10 kwenda 11: ni wakati gani wa kuhama

Mkuu, umeuliza kama laptop yako ya ofisini, EliteBook 840 G3, uipige Windows 11 sasa au usubiri hadi Windows 10 ianze kusumbua. Mimi naangalia kompyuta za ofisi ndogo za uhasibu na stationery, na swali ninaloanza nalo ni moja: mashine bado inapata apdeti za usalama? Kama inapata, huna haraka. Kama haipati, hama, hata kama inafanya kazi vizuri.

Microsoft iliacha rasmi kuipa Windows 10 apdeti za bure 14 Oktoba 2025. Kinachodanganya watu ni kwamba mashine inawaka tu kama jana. Kumbuka WannaCry ya Mei 2017, virusi vilivyoingia kwa tundu la Windows, vikafunga mafaili na kudai pesa: apdeti ya kuziba lile tundu ilitoka Machi, miezi miwili kabla, na mashine zilizopigwa ni zile ambazo hazikuwa nayo. Nyingi zingepona kwa kuwekewa apdeti hiyo mapema! Ukitaka muda wa kujipanga, Microsoft iliweka mpango wa ESU (apdeti za usalama za muda wa ziada) kwa watu binafsi, unaokupa apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026. Jiunge nao leo.

Sasa hiyo G3 yako. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na kwa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Soma jina la prosesa: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Yako ni ya 6, haimo. Mafundi wanaruka ukaguzi huo na window inaingia, lakini Microsoft haikuhakikishii apdeti, yaani umerudi kwenye tatizo lile lile ulilolikimbia. Kwenye mashine yenye hesabu za wateja siwezi kukushauri hivyo.

Kama kazi yako ni barua, brauza na kuprinti, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, itaipa G3 miaka mingine, hasa ikiwa na SSD (diski ya kasi). Ila kama programu yako ya uhasibu ni ya Windows pekee, tafuta used ya kizazi cha 8.

Na usihame karibu na tarehe 20, ritani za VAT zikiwa zinasubiri. Kuna ofisi ilihamisha mashine katikati ya kazi, skana ya zamani ikakosa draiva (programu ya kuiunganisha na kompyuta), foleni ikafika nje. Tafuta draiva kwanza, weka bekapu kwenye diski ya nje, chaji betri ijae. Ukihamia 11 juu ya 10, una siku 10 za kurudi nyuma, kwa hiyo jaribu printa na programu zote ndani ya siku hizo.

Unatumia programu gani ya hesabu? Taja jina lake na modeli ya printa.