Ijaribu programu ya picha kabla hujaizoea

Wewe unayeanza kuhariri picha, wengi watakutajia Photoshop kwa sababu ndiyo waliyofundishwa. Ni nzuri, ila hulipiwa kila mwezi. Mimi nilianza na GIMP, ya bure, na hadi leo kazi zangu nyingi hupita humo.

Kilichonifundisha kuchagua ni picha ya machweo niliyoiweka kwenye bango la harusi. Niliipunguza mwanga, nikaona giza limezidi, nikaupandisha tena. Kwenye kioo cha laptopu sikuona tatizo. Bango lilipotoka mashineni, anga lilikuwa na mistari mistari kama ngazi. Mwenye harusi alilipa bila kusema neno, na hilo liliniuma zaidi.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Faili ya biti 8 (biti ndizo zinazoamua idadi ya viwango vya rangi) ina viwango 256 tu vya mwanga kwa kila rangi: nyekundu, kijani na bluu. Ukishusha mwanga hadi robo, vinabaki 64. Ukiupandisha, vilivyopotea havirudi, na yale mapengo ndiyo jicho linayaona kama mistari. Kwenye biti 16 viwango ni 65,536, kwa hiyo kushusha na kupandisha hakuachi alama. GIMP inakuruhusu kufanya kazi kwa biti 16 tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018. Krita, nayo ya bure, inaweza pia. Hata picha ya simu, ambayo huja na biti 8, igeuze iwe biti 16 kabla hujaigusa.

Basi programu yoyote unayoifikiria, ipime hivi: kwenye faili ya biti 16, tengeneza mteremko wa rangi kutoka nyeusi hadi nyeupe, ushushe mwanga hadi robo, kisha uuzidishe mara nne. Mistari ikitokea, hiyo si ya kazi nzito ya rangi.

Kwa pikseli, yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha, chukua nembo ndogo uikuze mara nane. Tafuta kama kuna namna ya kukuza bila kulainisha kingo, GIMP inayo. Kisha chora kwa penseli, si kwa brashi, maana brashi huacha ukungu pembeni.

Kama kazi zako ni za kuchapwa, itazame Krita kwa makini: inafanya kazi moja kwa moja katika CMYK, yaani rangi za wino, wakati GIMP huhariri katika RGB, yaani zile nyekundu, kijani na bluu za kioo. Na kazi ambayo haijaisha usiihifadhi kama JPG, kwani kila ukiihifadhi upya inapoteza kitu. Tumia aina ya faili ya programu yenyewe: XCF kwenye GIMP, KRA kwenye Krita.